Nani Aliyeiua Ilmorog?

Kambu si mji ambao msafiri wa Mombasa huutilia nia. Ukitoka Pwani kwa gari, ukishaipita Mtito Andei, barabara kuu ya Nairobi hukuingiza katika nchi ya mibuyu na vichaka vikavu, vilima vya Chyulu vikiwa upande wako wa kushoto. Kabla hujafika Kibwezi utaona maduka yaliyojipanga huku na huku, akina mama na ndoo za maembe, malori yaliyoegeshwa ukingoni, halafu mji umekwisha. Hiyo ndiyo Kambu, katika kaunti ya Makueni. Nimeipita mara nyingi maishani mwangu bila ya kujua hata jina lake.

Safari hii nililala hapo, si kwa kupenda. Gari letu liliharibika jioni, na dereva akatuambia kwamba fundi atapatikana asubuhi. Abiria wengine walidandia magari mengine. Mimi nilichukua chumba katika nyumba ya wageni, nikaswali magharibi na isha, kisha nikaenda kuketi katika mkahawa mdogo kando ya barabara. Niliagiza chai na chapati na sahani ya ndengu, ambazo sisi Mombasa twaziita pojo, nikafungua kitabu nilichokuwa nacho mkobani.

Kitabu chenyewe ni *Petals of Blood*, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa na Heinemann mwaka 1977. Jina lake maana yake ni majani ya ua yenye rangi ya damu. Nilikinunua zamani, nikakisoma robo, nikakiacha kabatini, maana kilinichosha. Mwandishi alipofariki dunia huko Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87, niliona aibu kumtaja marehemu kwa sifa huku kitabu chake kimeniliza vumbi kabatini. Ndipo nikakitia mkobani. Na ndipo, msomaji mpenzi, nikakimalizia Kambu, mahali ambapo nadhani hapana pengine pangenifaa zaidi.

Maiti watatu na washukiwa wanne

Hadithi yaanza kama zinavyoanza hadithi zote za upelelezi. Katika mji wa Ilmorog, ambao ni wa kubuni, wamekufa matajiri watatu kwa moto katika nyumba ya mwanamke aitwaye Wanja. Majina yao ni Chui, Kimeria na Mzigo, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe ya Theng'eta. Polisi wanawakamata watu: Munira, mwalimu mkuu wa shule, mtu mpole anayeshika dini, Karega, kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda, na Abdulla, kiguru aliyewahi kuwa mwenye duka. Wanja mwenyewe yuko hospitali, ameponea chupuchupu. Anatoka Nairobi afisa mmoja hodari, Inspekta Godfrey, kuja kumtafuta muuaji.

Kutoka hapo mwandishi aturudisha nyuma miaka 12, siku Munira alipofika Ilmorog kwa baiskeli kuja kufundisha. Ilmorog ya siku hizo ni kijiji tu. Vijana wamekihama, wamebaki wazee, wanawake na watoto. Shule haina wanafunzi, duka ni moja tu, la Abdulla, na mvua ni ya kubahatisha. Polepole twawajua watu wote wanne, na polepole twagundua kwamba kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuwachukia marehemu. Kimeria alimharibu Wanja alipokuwa mwanafunzi, akamtupa na mimba yake. Kimeria huyo huyo ndiye aliyemsaliti kwa wazungu Nding'uri, rafiki wa Abdulla na ndugu yake Karega, hata Nding'uri akanyongwa. Chui alikuwa shujaa wa wanafunzi waliogoma katika shule ya Siriana. Alipokuja kuwa mkuu wa shule hiyo yeye mwenyewe, akawafukuza waliogoma, na Karega alikuwa mmoja wao. Mzigo ndiye aliyeichukua biashara iliyoanzishwa na Wanja na Abdulla.

Kwa hiyo swali la "nani aliyeua?" halina upungufu wa majibu. Shida ni kwamba majibu yamezidi.

Bwana Msa angefanyaje?

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulifunzwa riwaya ya upelelezi na marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau, nacho pia chahusu mauaji ya tajiri mwenye shamba katika jamii ndogo ambamo kila mtu amjua mwenzake. Hapo tulimpata Bwana Msa na kiko chake, na Najum, sahibu yake anayeuliza maswali ambayo sisi wenyewe tungependa kuyauliza. Watu wote wanamwogopa mzimu. Bwana Msa peke yake anamtafuta binadamu. Raha ya vitabu vile ni kwamba mwisho wake fundo hufunguka, uongo hujitenga na kweli, na msomaji hukifunga kitabu moyo wake umetulia.

Inspekta Godfrey naye analifungua fundo. Anamwacha Munira aandike maelezo yake katika chumba cha mahabusu, naye anayasoma kwa uvumilivu mpaka anajua ni mkono gani uliomwaga petroli na kuwasha kiberiti. Ulikuwa mkono wa Munira. Nisamehewe kwa kuitoboa siri. Lakini kitabu hiki hakiharibiki kwa kutobolewa siri hiyo, maana siyo siri yake kubwa. Inspekta akishamaliza kazi, moyo wa msomaji hautulii hata kidogo. Mshitakiwa amepatikana, na Karega, ambaye hakumuua mtu, bado yumo kizuizini kwa sababu ya chama chake cha wafanyakazi. Afisa anaondoka ameridhika. Sisi tunabaki tukijiuliza: hivi kweli hili ndilo kosa lililokuwa la kupelelezwa?

Kwani katika kurasa zile zote za nyuma tumeona kifo kingine, ambacho hakuna polisi aliyekiandikia jalada. Aliyekufa ni Ilmorog yenyewe.

Barabara ilipofika

Kijiji kinapigwa na ukame. Wazee wanataka kumfukuza punda wa Abdulla, kana kwamba yeye ndiye aliyeizuia mvua. Karega anatoa shauri jingine: twende wote mjini tukamwone Mbunge wetu. Wanafunga safari kwa miguu, wazee kwa watoto, punda akivuta mkokoteni. Safari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote. Wanabisha hodi kwa mchungaji wa kanisa, wanaondoka bila msaada. Wanakaribia nyumba ya Chui, wanatimuliwa. Wanaingia kwa Kimeria, na bei ya kutoka humo analipa Wanja kwa mwili wake. Mbunge, Nderi wa Riera, anawashauri wachange fedha wao wenyewe. Anayewasaidia ni wakili mmoja, ambaye baadaye anauawa. Wakenya waliosoma kitabu mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa wamfikirie nani: Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alikuwa ameuawa Machi 1975 na maiti yake kutupwa katika vilima vya Ngong.

Safari yao inaandikwa magazetini, na Ilmorog inajulikana. Misaada inakuja. Halafu, kwa bahati, mvua nayo inakuja. Kisha inakuja barabara kuu ya kuvuka Afrika, na nyuma ya barabara inakuja benki. Wakulima wanaambiwa waweke alama za mipaka, wachukue hati, wakope. Wanakopa. Mikopo inawashinda, na mashamba yananadiwa. Bibi mzee Nyakinyua, bibi yake Wanja, ambaye ndiye kumbukumbu ya kijiji kizima, anaambiwa ardhi yake itauzwa, na anafariki kwa uchungu huo. Hakupigwa panga, hakutiwa sumu. Mikono iliyomuua ilikuwa na wino.

Nilipofika hapo niliinua macho. Mbele yangu lilikuwa likipita lori, na nyuma yake jingine, na nyuma yake jingine, taa zao zikimulika mibuyu na kuipita. Mkahawa niliokaa, nyumba niliyopanga, maembe ya akina mama, vyote vilikuwapo kwa sababu ya barabara hii. Nikamwuliza mama mwenye mkahawa kama biashara yaenda. Akanijibu kwamba yategemea malori. Yakisimama, watoto wanakwenda shule.

Jibu lake lilinikumbusha mambo ya kwetu. Treni mpya ya abiria ilipoanzishwa mwaka 2017, na hasa makontena yalipoamriwa mwaka 2019 yapande reli moja kwa moja kutoka bandarini hadi Nairobi, sisi Mombasa tulilia na kuandamana kwa ajili ya kazi zetu. Kilio kama hicho kilisikika katika miji ya njiani kama Mtito Andei, ambayo yaishi kwa madereva wanaoshuka kula na kulala. Amri ile iliondolewa mwaka 2022. Lakini funzo lilibaki: mji uliozaliwa na barabara waweza kuuawa kwa karatasi moja iliyotiwa sahihi mbali.

Abdulla asiye Mwislamu

Huko kwetu, mtu akisikia kwamba katika riwaya ya Ngũgĩ mmoja wa mashujaa aitwa Abdulla, hudhani mara moja kwamba ni Mswahili au Msomali mwenye duka, kama walivyo wengi katika miji midogo ya bara. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe sivyo. Jina lake la kuzaliwa ni Murira. Alitaka kujipa jina la Kikristo kama wenzake wa mjini, akachagua Abdulla akidhani ni jina la Kikristo! Wenzake wanamcheka, na yeye mwenyewe anacheka.

Nilicheka na mimi, kisha nikasita. Maana ya jina hilo kila mtoto wa chuoni aijua: mtumwa wa Mwenyezi Mungu. Mtu huyu alipigana msituni kwa ajili ya uhuru, akapoteza mguu. Uhuru ulipokuja alikwenda kuomba kazi, akaambiwa vilema hawatakiwi. Akajifungia Ilmorog na punda wake na duka lake. Alimwokota mtoto aliyekuwa akila takataka, Joseph, akasema ni ndugu yake, na mwishowe akamsomesha. Punda wake anauawa na ndege iliyoanguka. Duka linakwenda, biashara inakwenda, hata anaishia kuuza machungwa kando ya barabara. Na usiku ule wa moto, yeye pia alikuwa njiani kwenda kumuua Kimeria. Alipoona nyumba inawaka aliacha shabaha yake, akaingia ndani kwa mguu mmoja akamtoa Wanja.

Katika watu wote wa kitabu, huyu ndiye niliyempenda. Alikuwa na haki ya kuchukia kuliko wengine. Mkono wake ulikuwa umeshainuka. Kisha akaona mtu anaungua, akachagua kuokoa. Jina alilolichagua kwa kukosea lilimkaa vizuri kuliko wengi wetu tuliopewa kwa kuadhiniwa sikioni.

Swali la Mwalimu

Kwenye meza ya jirani alikuwa ameketi mzee mmoja, kofia kichwani, anakunywa chai ya rangi. Aliliona jalada, akaniuliza kama ninasoma kwa ajili ya mtihani. Tukacheka. Akaniambia yeye ni mwalimu mstaafu, na kwamba kitabu hicho alikisoma mwaka 1979.

"Nilikifunika kwa gazeti," akasema.

"Kwani kilikuwa kimepigwa marufuku, Mwalimu?"

"Hakikupigwa. Lakini mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini juzijuzi tu, na mimi nilikuwa na mke na mtoto."

Tukazungumza juu ya ukame. Aliniambia kwamba Wakamba huzipa njaa zao majina kama watu wengine wanavyowapa majina watoto. Njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, wakati reli inapita, waliiita Ngomanisye. Na iko ile ya miaka ya 1980 waliyoiita Nikw'a Ngwete, maana yake "nakufa nikiwa nazo mkononi", kwa sababu fedha mtu alikuwa nazo na chakula cha kununua hakikuwako. Alisema Ngũgĩ hakuwa Mkamba, lakini ile safari ya punda na mkokoteni mtu wa Makueni huisoma kama habari za mjomba wake.

Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka.

"Ndugu yangu, umeshafika pale Wanja anapomkata Kimeria kwa panga?"

Nilikuwa nimefika. Maana hilo nalo lajulikana mwishoni: kabla ya moto wa Munira, Wanja alikuwa amekwisha kumuua Kimeria kwa mkono wake. Moto uliuficha ushahidi.

"Ulisikiaje moyoni?"

Nilitaka kumjibu jibu la heshima. Lakini mtu akiwa ugenini usiku, na asubuhi kila mmoja anakwenda zake, uongo huwa mzito. Nikamwambia kweli: "Nilifurahi."

"Hata mimi nilifurahi," akasema. "Nikakiweka kitabu chini siku tatu. Nilikuwa nafundisha watoto siku zile."

Hakuongeza neno, wala mimi sikumwuliza. Alimaliza chai yake, akaniaga, akaenda.

Hapo ndipo nilipoelewa kitabu hiki kinatofautiana wapi na vile vya Bwana Msa. Katika riwaya nyingi za upelelezi msomaji yuko upande wa mpelelezi. Mikono yake ni safi. Katika hii, mwandishi atuchukua kidogokidogo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tunasimama mlangoni na Wanja, na panga tumelishika sote. Kisha atugeuzia uso na kutuonyesha Munira, ambaye naye aliua, na kwa sababu gani? Kwa sababu alisikia sauti aliyodhani ni ya Mungu ikimwamuru aichome nyumba ya uovu. Alimwona Wanja kuwa mwanamke mpotevu anayetaka kumwangamiza Karega, na kwa kuiokoa nafsi ya mmoja akawasha moto juu ya wengine. Yeye aliyemtamani Wanja, akamwonea wivu Karega, alikuja kuivika tamaa na husuda yake kanzu ya dini.

Msomaji Mwislamu asipite hapo kwa haraka akisema kwamba hayo ni mambo ya Wakristo wa bara. Sisi tumefundishwa kwamba nafsi ya binadamu ni tukufu, na kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Muumba peke yake. Tumefundishwa pia kwamba kisasi kina mlango wake: hupitishwa na hakimu kwa ushahidi, na mwenye damu yake amepewa nafasi ya kusamehe, na kusamehe kumesifiwa. Havikuachwa mikononi mwa mwenye uchungu, kwa sababu mwenye uchungu hapimi. Lakini je, hatujawaona kwetu akina Munira? Kijana aliyekaa kimya miaka, akachoka na maisha yake, halafu siku moja akaisikia sauti. Tumezika watu katika nchi hii, Waislamu na wasio Waislamu, kwa sababu ya sauti za namna hiyo.

Na ubaya wa jambo ni huu. Munira hakuiondoa benki hata senti moja. Hakumrudishia mtu shamba. Moto ulipozimika, watatu walikuwa wamekufa, na Ilmorog ilikuwa vilevile katika mikono ya wengine kama wao.

Dosari zake

Isidhaniwe kwamba nakisifu kitabu hiki kwa kila kitu. Karega anahutubia mno. Mara nyingine kurasa nzima zinageuka kuwa mkutano wa hadhara. Mambo ya wanaume na wanawake yametajwa waziwazi kuliko tulivyozoea, na si kitabu cha kumpa mtoto. Wanja ameumbwa kwa huruma, lakini amebebeshwa mizigo mingi mno, hata mtu hujiuliza kama ni mwanamke mmoja au ni nchi nzima iliyovishwa gauni. Kuhusu pombe, Theng'eta ya wazee inapambwa kama kinywaji cha baraka kilichokuja kuchafuliwa na kiwanda. Sisi hatuhitaji kiwanda ili tujue madhara ya kileo.

Dosari kubwa zaidi ni ile ya wale waliouawa. Chui alipewa ujana wake wa Siriana, lakini Kimeria na Mzigo hawana hata mahali pamoja pa ubinadamu. Hatuoni mtoto anayewalilia. Labda ndiyo sababu tulifurahi kwa wepesi ule, mimi na Mwalimu. Ni rahisi kumuua mtu ambaye mwandishi hakumpa mama.

Lakini iko sehemu moja ndogo ambayo peke yake yatosha kumwombea mwandishi radhi. Munira anawatoa watoto nje kwenda kuangalia maua. Mtoto mmoja anaona ua, anasema majani yake ni ya damu. Mwalimu anamsahihisha: hakuna rangi iitwayo damu, sema jekundu. Kisha wanaona ua jingine lililoliwa na mdudu, na watoto wanaanza kuuliza kwa nini viumbe vinakulana, na kwa nini Mungu anaacha iwe hivyo. Munira anashikwa na hofu. Anaamua hatawatoa nje tena. Hapo tayari muuaji wetu amekwisha kujulikana, kama tungekuwa na macho ya kuona: ni mtu anayeogopa maswali.

Yaliyompata mwandishi

Kitabu hiki alikianza akiwa Marekani, kule Evanston, mwaka 1970, akakimaliza mwaka 1975 huko Yalta, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule. Kilipozinduliwa Nairobi Julai 1977, aliyekizindua alikuwa Waziri wa Fedha, Mwai Kibaki, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais. Miezi michache baadaye mchezo wa kuigiza wa Kikikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulianza kuchezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Serikali ikauzuia. Na mwaka ukiwa unakwisha, Desemba 1977, mwandishi akachukuliwa nyumbani kwake usiku, akawekwa Kamiti bila ya kushitakiwa, hadi Desemba 1978.

Jambo hilo lafaa kuzingatiwa. Kitabu cha Kiingereza kilichowataja matajiri kuwa wauaji wa kijiji kilizinduliwa na Waziri. Mchezo wa lugha ya nyumbani, uliosema mambo ya namna hiyo mbele ya watu ambao mashamba yalikuwa yao, ndio uliompeleka kifungoni. Baada ya hapo Ngũgĩ hakuandika tena riwaya kwa Kiingereza kwanza. Aliandika kwa Kikikuyu, na ya kwanza, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, aliiandika humo humo gerezani juu ya karatasi za chooni. Kwa Kiswahili twaijua kama *Shetani Msalabani*. Amefariki ugenini, baada ya kuishi nje ya nchi yake zaidi ya nusu ya umri wake wa utu uzima.

Nasi wa Pwani, tukikisoma, tusijifanye watazamaji. Ile karatasi iliyomuua Nyakinyua twaijua. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wetu wadai ardhi zao kwa maandishi. Asiyekuwa na habari au asiyekuwa na karatasi, shamba lake lilihesabiwa kuwa la Serikali, na wajukuu wake hadi leo huitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Hakuna Inspekta aliyetumwa kuchunguza hilo pia.

Asubuhi fundi alikuja, gari likapona. Wakati tunasubiri nilimtafuta yule Mwalimu nimwachie kitabu, kwa kuwa nilimwona angependa kukisoma tena bila ya gazeti. Sikumpata. Nikampa mama wa mkahawa amhifadhie. Alilitazama jalada, akaniuliza kinahusu nini.

Nikamwambia kinahusu watu waliouawa katika mji mdogo ulio kando ya barabara.

"Na aliyewaua alishikwa?" akauliza.

Nikamwambia mmoja alishikwa.